Krismasi ya Watu Wawili Dar es Salaam: Oka Mapema, Siku Yenyewe Tembeeni

Desemba ikifika, Dar es Salaam hupungua watu. Wachagga wanapanda Kilimanjaro, wengine wanaelekea Bukoba, Mbeya au Songea, na stendi ya Magufuli pale Mbezi hujaa mabegi na madumu usiku na mchana. Lakini wapo wanaobaki: nesi mwenye zamu, fundi ambaye kazi ya mteja haijaisha, wanandoa wapya ambao nauli ya kwenda na kurudi ingemeza kodi ya nyumba ya Januari. Mwongozo huu nauandika kwa ajili yao, wawili waliobaki mjini na wanaotaka sikukuu ya kweli ndani ya nyumba yao wenyewe.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote. Kila kinachohitaji moto wa muda mrefu kiwe kimeisha kabla ya tarehe 25. Nyumba nyingi Krismasi humkuta mtu mmoja jikoni tangu asubuhi, jasho linamtiririka, na mwenzake sebuleni anauliza chakula kitaiva saa ngapi. Familia kubwa inaweza kuvumilia hilo kwa sababu mikono ni mingi na maneno ni mengi. Mkiwa wawili, mmoja akifungwa jikoni, sikukuu imebaki ya mtu mmoja. Ndiyo maana nashauri kuoka siku za kabla, tena kwa pamoja, ili siku yenyewe iwe ya ibada, chakula kifupi cha kuandaa na matembezi.

Mwanzoni mwa mwezi: malizeni ya nyumbani

Kabla ya kununua hata zabibu, zungumzeni na wazazi wa pande zote mbili. Mzazi aliyeambiwa mapema kwamba hamtakuja huelewa. Anayeambiwa tarehe 22 huumia. Tumeni cha sikukuu kwao kwanza, kisha kilichobaki ndicho kipangiwe bajeti. Zawadi zenu wenyewe ziwe moja moja, kwa kiwango mlichokubaliana, maana Januari ina kodi na ada na haijawahi kumsubiri mtu.

Halafu gawaneni kazi kwa majina. Kwetu mume wangu ndiye mwenye moto na mimi ndiye mwenye mchanganyiko. Anajua kusoma mkaa, mimi najua unga ukishakolea. Kwenu inaweza kuwa kinyume, ila kila mmoja awe na kazi yake halisi, siyo ya kuonja tu.

Tarehe 15 hadi 20: matunda yaloweke

Keki ya matunda ndiyo ninayoipendekeza kwa Krismasi ya joto letu. Keki ya krimu haina maisha Dar mwezi wa Desemba: nyuzi joto hufika 31 au 32 mchana, unyevu mwingi, na siagi ya kupambia inateremka kabla wageni hawajakaa. Keki ya matunda haihitaji mapambo, na kadiri inavyokaa siku mbili tatu ndivyo viungo vinavyozama na ladha kukomaa.

Kwa bati la duara la sentimita 20 mtahitaji:

- zabibu kavu gramu 200
- tende gramu 100, zitolewe kokwa na kukatwa vipande vidogo
- korosho zilizokaangwa, kiganja kimoja, zipondwe kidogo
- maganda ya chungwa moja yaliyokunwa, ile sehemu ya juu tu. Nyeupe ya ndani ni chungu
- unga wa ngano gramu 250, yaani vikombe viwili
- siagi gramu 200
- sukari gramu 175
- mayai manne
- baking poda kijiko cha chai kimoja na nusu
- mdalasini wa unga kijiko cha chai kimoja, hiliki nusu kijiko, karafuu ya unga robo kijiko, na kungumanga ya kukwangua kidogo
- chumvi, chembe tu

Zabibu, tende na maganda ya chungwa viwekeni kwenye bakuli lenye mfuniko, kisha mmiminie chai ya rangi nzito iliyopoa au maji ya machungwa, yafunike matunda kwa shida. Usiku mmoja unatosha. Mkitaka kuloweka siku nyingi zaidi, bakuli likae kwenye friji. Wapo wanaotumia mvinyo wa Dodoma au pombe kali. Hilo ni lenu, lakini fikirini kwanza keki hiyo itaishia kwenye sahani za nani. Nina majirani Waislamu ambao kila Idi mlango wangu hugongwa na sahani iliyofunikwa kitambaa. Siwezi kuwarudishia keki wasiyoweza kula, kwa hiyo kwangu ni chai ya rangi, na haijawahi kupungukiwa kitu.

Karafuu isizidishwe. Ya Pemba iliyo nzuri ina nguvu sana, ikizidi robo kijiko keki inaanza kunuka dawa ya meno.

Tarehe 22: siku ya kuoka keki

Anzeni na sukari ya kuunguza, ndiyo inayoipa keki ile rangi ya kahawia iliyoiva. Wekeni vijiko vitatu vya chakula vya sukari kwenye sufuria ndogo, moto wa kiasi, bila maji. Itayeyuka, itageuka dhahabu, kisha kahawia nzito. Ikianza kutoa moshi mwembamba, epua na kumimina robo kikombe cha maji ya moto huku uso ukiwa mbali, maana inaruka. Koroga, acha ipoe kabisa.

Siagi iwe laini ya kawaida ya nyumbani, isiwe imeyeyuka kuwa mafuta. Ipigeni na sukari kwa mwiko mpaka ibadilike kuwa nyeupe na nyepesi. Kwa mkono ni kazi ya dakika kumi na tano, na hapa ndipo wawili mnapopokezana. Mayai yaingie moja moja, kila moja likolee kabla ya linalofuata. Mchanganyiko ukianza kukatika, ongeza kijiko cha unga. Chekecheni unga pamoja na baking poda, chumvi na viungo. Matunda yachujwe vizuri, yanyunyiziwe unga kidogo ili yasizame chini yote. Kisha unga, sukari ya kuunguza, matunda na korosho viingie kwa zamu, mkikoroga taratibu kwa kukunjua kutoka chini kwenda juu. Ukishaacha kuona unga mkavu, acha kukoroga. Ukizidisha keki inakuwa ngumu.

Wenye oveni: nyuzi 160, saa moja na robo hivi, bati likiwa limetandikwa karatasi chini na pembeni. Ukichoma kijiti katikati kikatoka kikavu, imeiva. Juu ikikolea rangi mapema, funikeni na karatasi ya foili.

Wengi wetu hatuna oveni, na hata wenye nayo wanajua umeme unavyoweza kukatika keki ikiwa imefika nusu. Kwa hiyo moto wa mkaa naueleza kwa urefu.

Tafuteni sufuria kubwa nzito ambayo bati la keki linaingia na kubaki na nafasi ya vidole viwili pembeni. Chini mwageni mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha sentimita mbili au tatu. Mchanga ndio unaolinda keki isiungue kitako. Juu ya sufuria ni sinia bapa la bati au mfuniko usio na kitasa, utakaobeba makaa. Washeni jiko nje au kwenye kibaraza kilicho wazi. Msithubutu kuwasha mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake inaua bila kutoa harufu.

Mkaa ukishashika wote na moshi kuisha, gawanyeni: theluthi moja ibaki chini, theluthi mbili mpalie juu ya sinia. Wengi hufanya kinyume kwa mazoea ya kupika ugali, moto mwingi chini, na keki inatoka nyeusi chini na mbichi juu. Sufuria tupu yenye mchanga ipate moto dakika 15 kwanza. Kupima, nyunyizeni unga kidogo kwenye kifuniko cha bati na kukiweka ndani kwa dakika tano. Ukiwa kahawia hafifu, ni wakati wa kuingiza keki. Ukiwa mweusi, punguzeni makaa. Ukibaki mweupe, ongezeni juu.

Keki ikishaingia, msifunue kwa dakika 45. Kila mfuniko unapoinuliwa joto linakimbia na katikati ya keki inadidimia. Mwenye moto kazi yake ni kutazama makaa ya juu, kuyapunguzia jivu na kuongeza mawili matatu yaliyokwisha kushika. Baada ya hapo chomeni kijiti. Kwa kawaida itahitaji saa moja na zaidi kidogo, kulingana na mkaa.

Ikitoka, ipoe ndani ya bati mpaka iwe baridi kabisa. Fungeni na karatasi, kisha foili, ikae kwenye chombo chenye mfuniko mahali pa ubaridi, au kwenye friji kama nyumba yenu inapigwa jua mchana kutwa. Isikatwe mpaka Krismasi. Mnyunyuzio wa sukari ya unga juu yake unatosha kuwa pambo, na ufanyike asubuhi ya kuliwa.

Tarehe 23: vileja

Kitu cha pili cha kuoka kiwe chepesi kugawa. Vileja vya unga wa mchele, vile vya Zanzibar, wengi wanavijua kwa Idi, na sioni kwa nini visikae meza ya Krismasi. Majirani hupokezana sahani mwaka mzima bila kuulizana dini.

Unga wa mchele gramu 250, samli iliyoganda gramu 125, sukari laini gramu 125, yai moja, hiliki nusu kijiko cha chai, na baking poda chembe. Pigeni samli na sukari mpaka ilainike, tieni yai na hiliki, kisha unga kidogo kidogo mpaka ushikane. Unga wa mchele haunyumbuki, utapasuka pasuka, msiongeze maji. Kama joto limeulegeza, ukae kwenye friji nusu saa. Fanyeni vidonge kama saizi ya ndimu ndogo, vibonyezeni kidogo, choreni kwa uma. Oveni nyuzi 180 kwa dakika 15 hadi 20, au sufuria ileile ya mchanga kwa mafungu. Vileja haviwi kahawia, vibaki vyeupe na ukingo wa chini tu ukianza kubadilika. Vikiwa vya moto vinavunjika vikiguswa, viacheni kwenye trei vipoe kabla ya kuvihamisha. Chombo kiwe na mfuniko wa kubana, la sivyo unyevu utavilegeza na sisimizi watavimaliza.

Mapambo siyaongelei sana. Tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga, vipande vya vitenge vilivyofungwa fundo na taa ndogo vinatosha. Kama mtaani kwenu pana mkrismasi, ule mti wenye maua mekundu, msimu wake ndio huu. Maua machache mezani asubuhi ya tarehe 25, kwa sababu hunyauka siku hiyohiyo.

Tarehe 24: pilau nusu njia, kisha mkesha

Krismasi yetu bila pilau itazungumzwa mpaka Pasaka, na hapa tunaigawa kazi mara mbili. Asubuhi ya tarehe 24 chemsheni nyama nusu kilo na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi mpaka ilainike, supu yake mhifadhi. Kaangeni vitunguu viwili vikubwa mpaka vikolee kahawia kabisa, maana rangi ya pilau inatoka hapo. Tieni bizari nzima, pilipili manga, mdalasini, hiliki na karafuu nzima chache, vyote vikiwa vimetwangwa pamoja, kisha nyama. Vikaangike dakika chache, vipoe, vyote viingie friji. Kesho yake mtaongeza supu, viazi na mchele nusu kilo tu, na ndani ya dakika 40 chakula kiko mezani. Nusu kilo ya mchele mzuri wa Kyela inawatosha wawili na sahani ya jirani. Kama mnapika kuku na mnategemea mgeni Mwislamu, aombwe Mwislamu amchinje; hilo lipangwe sokoni mapema.

Jioni ni mkesha. Ulizeni saa za ibada parokiani au usharikani kwenu, kwa sababu hubadilika kila mwaka. Kwa wanaotaka kuufanya mkesha uwe pia matembezi, nawashauri mjini kati. Kanisa la Azania Front la KKKT, yaani la Walutheri, lililojengwa na wamisionari Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, linatazama bandari, na mnara wake wa vigae vyekundu ukimulikwa usiku unapendeza mno. Mwendo mfupi kutoka hapo kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Mwendokasi wa Kivukoni unawashusha karibu na yote mawili. Fikeni mapema, benchi hujaa. Usafiri wa kurudi uwe umepangwa kabla. Bodaboda au bajaji mnayemfahamu, mkubaliane bei mchana, kwa kuwa usiku wa manane hakuna wa kubishana naye.

Tarehe 25: jiko liguswe mara moja

Asubuhi pigieni simu wazee kabla mitandao haijaelemewa na salamu. Chai ya tangawizi na kipande cha kwanza cha keki, kisha zawadi. Waliosali mkesha wana asubuhi nzima yao.

Saa tano washeni moto wa pilau. Huku ikiiva mmoja akate kachumbari, mwingine apange sahani za majirani: vipande viwili vya keki, vileja vichache, na pilau ikishaiva. Pelekeni wote wawili, mkasimame mlangoni mkasalimie. Juisi iwe ya embe au nanasi, msimu wake ni huu na sokoni yamejaa.

Alasiri jua likipungua, tokeni. Kivuko cha Kigamboni ni matembezi yenyewe: dakika chache juu ya maji, upepo wa kaskazi usoni, na mji mzima nyuma yenu. Kina foleni siku za sikukuu, kwa hiyo wenye gari wapitie daraja la Nyerere pale Kurasini, lililofunguliwa 2016. Wanaopenda watu na kelele waende Coco Beach wale mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Mkitaka kuongea na kusikizana, siku hiyo Coco si pahali pake. Popote mtakapokwenda baharini, angalieni kwanza saa za maji kujaa na kupwa. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bamvua huwa kubwa, na ufukwe uliotandikia mkeka saa tisa unaweza kuwa chini ya maji saa kumi na moja.

Tarehe 26: Bagamoyo

Siku hii ni mapumziko pia, na ndiyo ninayoitaka iwe ya safari. Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kutoka Dar, gari la asubuhi linawafikisha mapema. Kwa Krismasi ina maana yake ya pekee: Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni hapo 1868, ya kwanza ya Kikatoliki katika bara la Afrika Mashariki. Tembeeni taratibu chini ya miembe mirefu inayoelekea kanisani, kisha ingieni makumbusho ya misheni, mkasome habari za watumwa waliokombolewa na kulelewa pale. Mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, ulipitishwa hapo 1874 ukielekea Zanzibar na Uingereza. Mchana mkiwa na nguvu nendeni Kaole, kusini kidogo ya mji, penye magofu ya msikiti na makaburi ya mawe ya karne nyingi kabla ya Mjerumani kufika.

Bebeni chakula: pilau ya jana kwenye hotpoti, keki, maji ya kutosha, kofia, na mwavuli, kwa sababu vuli inaweza kuwa haijaisha. Pilau iwe imepashwa vizuri asubuhi mpaka itoe mvuke ndipo ifungwe. Pigeni simu kabla kuuliza kama makumbusho yamefunguliwa sikukuu.

Wanaotaka milima badala ya magofu wana treni ya SGR, ile ya reli mpya ya umeme, iliyoanza safari za Morogoro Juni 2024. Ni chini ya saa mbili kutoka Dar, na Uluguru iko mbele ya macho mkishuka. Tiketi zikatwe wiki kadhaa kabla, na vitambulisho msivisahau. Wasiotaka kutoka mjini kabisa wana Kijiji cha Makumbusho kwenye barabara ya Bagamoyo, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali. Tafuteni ya kabila la kila mmoja wenu mkaone bibi zenu walilala wapi.

Keki iliyobaki

Ikifungwa upya kila inapokatwa na kukaa kwenye friji, itafika Mwaka Mpya. Ikianza kukauka, kateni vipande vya unene wa kidole, pakeni siagi pande zote mbili na kuvipasha kwenye kikaango kikavu mpaka vikolee. Kwa chai ya maziwa, asubuhi ya tarehe 1, wapo wanaoipenda hivyo kuliko ilipokuwa mpya, na mume wangu ni mmoja wao.